Teodora Hakutaka Foleni ya kwa Getruda

Ukiuliza Mkolani nani alimpokea mtoto wako duniani, nusu ya akina mama watakutajia bibi Teodora. Alikuwa mkunga asiye na cheti, lakini mikono yake ilikuwa na baraka. Kliniki ya mtaani ilipokuja, mzani wa watoto ulitundikwa kwenye boriti ya nyumba yake, na yeye ndiye aliyeamuru nani asogee na nani anyamaze.

Kisha biashara binafsi zikaruhusiwa. Jirani yake Getruda akaanza kuuza mitumba, akaezeka bati, akajenga kibaraza cha sementi. Wauguzi wakaona pale ni pasafi zaidi. Hakuna aliyekwenda kumwambia Teodora. Aliona tu mzani unapitishwa mbele ya mlango wake.

Nilisali naye jumuiya moja. Katika maombi alikumbuka wote, hata wafungwa. Jina la Getruda aliliruka.

Mwaka ule surua ilipoingia, watoto wawili wa Luhaga, nyumba ya nne kutoka kwake, waliugua, wakalala macho yamefumba. Ikatangazwa chanjo, siku moja tu, kwa Getruda. Teodora akaanza kupita kwa majirani.

"Hiyo sindano mnaijua? Nasikia inafunga kizazi."

"Umesikia wapi, bibi?"

"Kwani mimi nimezaliwa jana?"

Hakuwa amesikia popote. Aliniambia mwenyewe baadaye, akifuta macho kwa kanga. Alichotaka ni kile kibaraza kikae kitupu, basi. Nao wakamsikiliza. Utambishiaje aliyemkata mwanao kitovu?

Siku yenyewe, mchana, kilio kikaanza kwa Luhaga. Yule mdogo amefariki. Teodora akambeba mgongoni Winnie, mjukuu wake wa miezi kumi, akaingia kwa Getruda kwa uchochoro wa nyuma. Muuguzi alikuwa anafunga vitu vyake.

"Shikamoo bibi. Umechelewa. Dawa niliyochanganya imeishia kwa watoto wa mtaa wa pili, na chupa nyingine ni ya watoto kumi. Siwezi kuifungua kwa mmoja. Nitafutieni wengine, nangoja saa moja."

Getruda akajifunga kanga kiunoni. "Acha niwaite." Muuguzi akaingia ndani kunywa chai.

"Ukiwaita wewe hawatakuja," Teodora akasema.

"Kwa nini, dada?"

Teodora alimfungua Winnie, na mtoto akamnyooshea Getruda mikono, akicheka. Roho ilimuuma Teodora. Akamwacha hapohapo, akatoka.

Kwenye kila mlango alisema lilelile: "Niliwadanganya. Leteni watoto."

Mke wa Ngosha, jirani mwingine, alisonya. "Jana kizazi, leo tukimbie. Kesho utatuambia nini, bibi?"

"Kesho nitukane. Leo lete mtoto."

Akarudi na watoto wanane. Muuguzi akatoka ndani, akawakuta kibarazani, akachanganya dawa, akatabasamu. "Mama Getruda, mtaa huu kweli unakusikia wewe."

Getruda akafungua kinywa aseme ukweli. Teodora akamtikisia kichwa. Aliniambia lile neno lilimchoma kuliko misonyo yote, kwa sababu wale walikuwa watu wake, yeye ndiye aliyewapokea watoto wao. Lakini akiulizwa nani amewaita, ataulizwa pia nani aliwazuia.

Akamchukua Winnie pajani mwa Getruda, akaushika mkono wake mdogo, akausogeza kwenye sindano.