Nilivyokwenda Muleba Kufundisha Kijerumani Nisichokijua

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Muleba ana jambo moja tu: binti yake Koku amevifungia vitabu vya Kijerumani sandukuni na hataki kuvisikia tena. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa umekaribia, na asipofaulu, nafasi yake ya kusomea uuguzi Ujerumani ingekwenda kwa mwingine. Akaniomba nikamsaidie, kwa kuwa nimesoma nje. Nikamkumbusha kwamba nilisoma Indonesia.

"Ndiyo, huko huko," akasema.

Sisi Wahaya, mtu akishapanda ndege kwenda kusoma, tunamdai kila kitu kilichoko ng'ambo.

Asubuhi niliondoka nyumbani, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba. Tulipofika Kanazi, migomba kushoto na kulia, somo langu lilikuwa tayari. Sisi tunasema jikoni, uwe unakwenda, umo au unatoka. Mwindonesia ana vijineno vitatu: ke dapur, unakwenda jikoni, di dapur, umo, dari dapur, unatoka. Jiko lenyewe haliguswi. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Mchana nilifika Muleba. Wifi yangu, mama yake Koku, alinipokea vizuri, na Koku akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kabla hajanipa nikamuuliza Kijerumani kinamshinda wapi. Akakiweka kikapu mezani, akaeleza. Ukipeleka kitu mezani ni auf den Tisch. Kikishatulia pale ni auf dem Tisch. Kineno cha mbele ni kile kile, ila meza inavishwa nguo nyingine. Mbele ya mtahini, nguo hizo humchanganya hadi ananyamaza.

Nikamsifia Kiindonesia changu kisicho na taabu hizo. Akasikiliza kwa makini.

"Basi, Shangazi, nitafutie nafasi Indonesia."

Nilikuwa nimeharibu. Kwa aibu nikachukua kikapu, nikakihamisha kutoka mezani hadi kitini na kurudi mezani, nikidai Kijerumani kila mara. Koku akazidi kukosea. Wifi alivumilia, mwisho akashindwa.

"Koku, huyu hajafika bado. Kahawa inatembea nyumba nzima, mkononi mwake haijaingia."

Kwetu ni hivyo. Kahawa iliyoachwa mezani haijamkaribisha mtu. Ni lazima uletewe. Koku akapiga magoti, akaninyooshea kikapu. Nikatafuna, nikamwuliza kama kahawa ilikuwa imekaa au inakuja. Inakuja, akasema, na Kijerumani kikamtoka bila kukwama. Akakirudisha kikapu mezani, akaeleza kinakokwenda. Akakiachia, akaeleza kilipo. Halafu akampelekea mama yake, tena na tena, hadi wifi akalalamika kwamba mashavu yamejaa.

Jioni nilirudi Bukoba nikiwa na mkungu wa ndizi niliopewa na wifi. Nilichojifunza ni kwamba Mjerumani, kama wifi, anataka kujua kama jambo bado liko njiani au limeshafika.

Wiki iliyofuata Koku alipiga simu: amefaulu. Nikapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Kisha wifi akachukua simu, na sauti yake haikuwa ya shangwe. Akaniuliza kama huko nilikosoma wana neno la kurudi nyumbani.

Nikamwambia wanalo, pulang, na halihitaji kineno chochote mbele yake.



"Wifi," akasema, "hilo mfundishe kabla hajaondoka."