Sekunde Moja kwa Kila Marehemu

Mwenyekiti wa kamati ya jubilei alikuwa hanipendi, na mimi nilimrudishia chuki yake bila kumpunja hata punje. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, mzee wa kanisa letu la Kasulu, na kila siku ya gulio alikuja Kibondo, ambako nimepanga chumba kando ya barabara iendayo Nyakanazi. Humo natengeneza maandishi na picha zinazotembea kwenye video: majina ya kwaya, matangazo ya maduka, kadi za harusi za kwenye simu. Mlangoni nimebandika karatasi: kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumapili hapana. Yeye alikuwa anagonga saa kumi na moja kasoro, makusudi kabisa.

"Nimefunga, mzee."

"Umefungaje na umo ndani?"

Mwanzoni nilikuwa natoza kwa saa. Loo, nilijuta! Mteja anakuja kukaa kwenye benchi langu kulinda saa zake kama mtu anayelinda shamba lisiliwe na nyani. Nikisimama kunywa chai, anauliza kama chai nayo imo kwenye hesabu. Kompyuta inapounganisha kazi yote iwe video moja, jambo linaloweza kula asubuhi nzima, wananiambia hapo si mimi ninayefanya kazi, ni mashine. Nikachoka. Nikafuta bei ya saa, nikabandika nyingine: sekunde moja ya video iliyokamilika, shilingi elfu tano. Nilijiona mjanja kweli.

Basi ikaja jubilei. Waliolianzisha kanisa letu walivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, na wengi wao sasa wamezikwa Kasulu, raia wa Tanzania. Kamati ilitaka video ya hao waliotangulia, arobaini, kila mmoja na picha yake, na jina likijiandika taratibu chini yake. Mmoja wao ni mama yangu. Nyumbani kwetu hakuna picha yake hata moja. Kamati ndiyo iliyopata moja, kwa mama mmoja aliyeimba naye kwaya, na baba alikuwa hajawahi kuiona. Baba ana simu ya kitochi, huwezi kumtumia picha. Alinipigia akaniuliza kama ni kweli mama yumo, nikamwambia yumo, akaniambia basi atakaa mbele.

Nilipiga hesabu ya sekunde nne kwa kila mtu. Nikamtajia mwenyekiti laki nane.

Alicheka mpaka akakohoa. "Laki nane! Kwa picha tulizokuletea sisi wenyewe?"

"Kuletwa tu hakuzifanyi zitembee."

"Kamati ina laki mbili."

"Basi kamati ikatafute fundi wa laki mbili."

Hakuondoka. Aliisoma karatasi yangu ya mlangoni, akatikisa kichwa, akatabasamu, na tabasamu lake mimi nalijua. "Laki mbili ni sekunde arobaini," akasema. "Marehemu nao ni arobaini. Kila mmoja sekunde moja. Si ndiyo bei yako hii?"

Nikamwambia jicho halishiki sura kwa sekunde moja, tena macho ya wazee. Akajibu kwamba yeye hanunui macho, ananunua sekunde. Kisha, akiwa ameshasimama, akaongeza: "Mama yako mwongezee mwenyewe. Hutamtoza mama yako, au?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilijua anakoelekea. Nikimpa mama sekunde tatu za bure, kesho yake angesimama mbele ya kamati na kusema kumbe kuongeza hakugharimu kitu, huyu binti anatunyonya tu. Angenimwagia mlangoni ndugu wa wale thelathini na tisa. Nilikuwa nimeambiwa miaka yote kwamba kazi yangu ni kubofyabofya, na nilikuwa nimechoka kuambiwa hivyo na watu wanaouza kila punje kwa mzani.

"Mama yangu atapata sekunde moja kama wenzake," nikasema. "Lete hela."

Akazilipa zote papo hapo, mshenzi yule, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Picha ya mama ilikuwa imekunjika katikati, amekodoa macho juani, kitabu cha nyimbo kifuani. Niliisafisha asubuhi mbili nzima. Halafu nikaibana ndani ya sekunde yake, nikimtukana mwenyekiti kwa sauti. Jina la mama ni refu, la Kirundi. Lilikuwa likimaliza kujiandika tu, picha inaondoka.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Baba alikaa mbele na koti lake, nami kando yake. Sura zilianza kupita kwenye turubai lililotundikwa mbele, kama kurasa mtu anapopekua kitabu cha nyimbo akitafuta namba. Bibi mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Mume wangu huyo! Rudisheni!" Baba akageuka kumtazama. Alipogeuka tena mbele, mama alikuwa ameshapita.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Amepita, baba."

"Amepita saa ngapi? Mimi si nilikuwa hapa?"

Turubai likawa jeupe. Watu walianza kunung'unika, na mwenyekiti akachukua kipaza sauti bila haraka. "Wapendwa, kamati haina kosa," akasema. "Sekunde ni elfu tano, bei ya fundi mwenyewe. Hata mama yake mzazi amempa moja." Hakuna aliyemzomea. Waligeuka kunitazama mimi, kanisa zima, na nilimchukia mtu yule. Nilikuwa na maneno ya kumjibu, mengi, na kila nililolishika lilikuwa bei yangu mwenyewe.

Baba hakunitazama. Alikuwa akipapasa ndani ya koti. Akatoa noti ya elfu kumi, sadaka yake ya siku ile, akaninyooshea.

"Hizi si ni sekunde mbili?" akasema. "Niwekee mama yenu nimwone."