Amri Nilizompa Nyanya

Siku mbili kabla ya mtihani wa kuzungumza Kifaransa, sauti bado ilinikwama kila nilipotakiwa kutoa amri. Kanuni niliijua: kiwakilishi cha nafsi kinachotangulia kitenzi huondolewa, kitenzi kikabaki. Lakini nyumbani kwetu Nyalenda mtoto hakumwamuru mtu mzima, na ulimi wangu haukuwa na mazoezi hayo.

Nyanya, aliyekuwa akikaanga samaki huku akinisikia nikikwama, aliweka mwiko chini. “Mjukuu wangu, niamuru mimi.”

“Levez-vous,” nilinong’ona, nikimwashiria ainuke.

“Hiyo mwalimu atasikia? Sema kama mtu ameshiba!”

Nikapaza sauti. Akainuka licha ya magoti yaliyomuuma, akaketi, akainuka tena, hadi samaki wakaungua. Mtihani nilifaulu. Leo nifundishapo hali ya kuamuru, humshukuru kimoyomoyo mzee aliyekubali kunitii.