Nilifuta "Have" ya Dada Yangu

Msinionee huruma. Ni mimi niliyemharibia dada yangu nafasi ya kazi, tena kwa kalamu nyekundu!

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku karibu na Khayega. Mpaka leo mtu akitaka barua ya Kiingereza hunitafuta mimi. Sifa hizo zilinipanda kichwani, jamani.

Dada yangu mdogo, tumwite Muhonja, ni fundi wa nguo. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji, mtu ambaye bado yuko kazini. Akaandika barua mwenyewe, akaniletea niipitie. Mstari mmoja ulisema: "I have sewn uniforms since my husband died."

Nikacheka! "Since" mimi nilijua ni "kwa sababu" tu. Na hiyo "have" nikaona ni ya kujaza karatasi. Nikageuza: "I sewed uniforms because my husband died."

"Lakini Kaka, mimi nashonanga mpaka leo," akasema.

"Kwani wewe Kiingereza ulisomea wapi?" nikamjibu. Woi! Maneno hayo yananichoma mpaka sasa.

Barua ikakataliwa. Muhonja akaenda kuuliza, na mama wa ofisini akamwambia, "Umeandika kwamba ulishona kwa sababu mume alikufa. Sisi tunataka fundi anayeshona sasa, si aliyeacha." Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Aliponieleza, nilifungua kitabu changu cha sarufi nimwonyeshe kwamba hao ndio hawajui. Nikakuta mfano kama wake kabisa. "Since" pale ilikuwa "tangu", na "have" ndiyo iliyoonyesha kwamba kazi bado inaendelea. Mungu wangu! Ukiniambia "nimeishi hapa tangu ndoa" na "niliishi hapa", sihitaji kitabu kujua nani amehama. Kwa Kiingereza nikajifanya profesa.

Nikafunga kitabu haraka. "Hao walikuwa na mtu wao tayari, barua yetu haikuwa na kosa," nikamwambia. Nilimdanganya dada yangu mchana kweupe, naye akaamini.

Nimejaribu kumwambia ukweli mara tatu. Najipanga vizuri, nikifika kwake naishia kuuliza habari za kuku. Aki sijui nifanye nini!

Juzi alisikia kuna nafasi nyingine, upande wa Lubao. Nilifurahi, nikajua safari hii ataandika vile anavyojua yeye. Kumbe alikuwa ananiletea karatasi tupu.

"Kaka, andika wewe yote. Mimi nimegundua Kiingereza sijui."

Nikaipokea!

Nyinyi mnaosahihisha watu, nawasihi, muulizeni mtu kwanza alitaka kusema nini. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Maombi yanafungwa Ijumaa, karatasi iko hapa mbele yangu, na Muhonja anaambia majirani kwamba barua inaandikwa na mtu anayejua.