Mwaka wa Sakafu Safi

Mwaka ule picha zilikuwa mbaya hata mende wa ukumbini wakahama. Mama Vumbi aliwaona kwa macho yake mawili, wamepanga mstari kama watoto wa shule, baba mende mbele, mkewe nyuma na mayai yake, wakatoka kwa mlango wa dharura na kuhamia duka la mikate la jirani. Kufa njaa wangevumilia. Kuchoshwa juu ya njaa, hapana.

Mama Vumbi alikuwa mfagiaji wa ukumbi ule wa sinema mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hakuwahi kuona picha hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kati ya onyesho na onyesho: watu wakitoka, yeye anaingia. Alichokijua ni zile dakika tano za mwisho alizochungulia nyuma ya pazia la mlangoni, ameegemea fagio: stelingi anaoa, au stelingi anazikwa, au anaondoka peke yake barabarani kama mtu aliyekosana na wakwe. Yaliyobaki aliambiwa na sakafu.

Maana sakafu haimfichi aliyeizoea. Picha ikiwa tamu, watu husahau mikono yao. Bisi hubaki nusu pakiti, soda humwagika mtu anaporuka, tishu hubaki zimelowa na kufinyangwa vidonge vidonge. Kuna aliyewahi kutoka na kiatu kimoja na asijue mpaka kituo cha basi. Na kwenye picha fulani ya kuchekesha, miaka hiyo ya neema, Mama Vumbi aliokota meno ya bandia chini ya kiti, na anaapa kwamba alipoyaokota yalikuwa bado yanacheka.

Picha ikiwa mbaya, mtu hana la kufanya ila kula. Anakula bisi mpaka punje ya mwisho, anaramba chumvi vidoleni, anakunja pakiti vizuri, kisha analala. Kwenye kiegemeo linabaki doa la mafuta ya nywele, la mviringo kama sahani. Sakafu safi na viti vyenye madoa: hapo jua picha imekufa, bado kuoshwa tu.

Mwaka ule ulikuwa wa sakafu safi karibu mwanzo mwisho. Ilikuja picha ya vita yenye mizinga ya kutikisa mabati, watu wakalala katikati ya mizinga. Ikaja ya mapenzi, wapenzi wazuri kama wamechorwa, tishu hata moja hakuna; Mama Vumbi akasema hata kwa mafua ya kawaida angeokota mbili tatu. Ikaja ya kutisha, na mama mmoja alifuma humo soksi nzima ya mtoto akaanza ya pili. Halafu ikaja ile ya watu wanaoruka angani wamevaa chupi juu ya suruali, sehemu ya saba. Ile iliacha madoa sitini na mawili.

Mwenye ukumbi alikuwa Tajiri Mdogo, aliyeurithi kwa baba yake. Mwanzoni alimcheka Mama Vumbi na sakafu yake. Kisha akaona kwamba kila picha aliyoikataa Mama Vumbi siku ya kwanza, ifikapo siku ya nne imekosa watu. Ikawa desturi: kila Ijumaa onyesho la kwanza likiisha, anasimama mlangoni, mikono mfukoni, anauliza, "Sakafu inasemaje, mama?" Sakafu ikisema vizuri, picha inapewa wiki ya pili. Ikinyamaza, inarudi kwa wenyewe. Tangu mwaka uanze ilikuwa imenyamaza tu.

Mwezi wa kumi na moja ikaja picha ya mwana wa Mama Vumbi.

Huyu mwanawe alikuwa mtu mzima, na kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Miaka minane alipiga harusi za wenzake, na miaka mitatu kati ya hiyo, kila Jumapili isiyo na harusi, alitengeneza picha yake mwenyewe. Mama hakuambiwa inahusu nini. Ni mshangao, mama, subiri. Tajiri Mdogo alikubali kuionyesha wiki moja, na akamwambia wazi: ikistahili wiki ya pili, kumbi nyingine zitaitaka, kwa kuwa zinamtazama yeye anafanyaje. Isipostahili, arudi kwa maharusi wake, na asimletee nyingine.

Ijumaa hiyo Mama Vumbi alivaa gauni lake la kutokea, akafunika kwa koti la kazi. Ukumbi ulijaa ndugu, wakwe, majirani na mabibi harusi wa zamani waliokuja na waume zao, wale ambao bado walikuwa nao. Mkata tiketi alimwambia aingie akae, leo ni siku yake. Akakataa. Alichungulia zile dakika tano zake: mwanamke mgonjwa kitandani anamwusia mtoto wake, na wosia hauishi. Akasikia watu wanakohoa. Kisha taa zikawaka, na makofi yakalia kama mvua kwenye bati, na roho yake ikarudi mahali pake.

Watu wakatoka, yeye akaingia na fagio.

Sakafu ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa na paka.

Alipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pakiti za bisi zimekunjwa vizuri. Tishu hakuna. Akainua macho kwenye viti, na madoa yalikuwa yanamtazama, mengine mabichi bado yanang'aa. Moja alilitambua kwa harufu: mafuta ya dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Ndugu ni ndugu. Hulala, wakaamka, wakapiga makofi.

Huko nje alimsikia Tajiri Mdogo akimwomba mkata tiketi kiberiti. Muda wa sigara moja, basi, ndio aliokuwa nao. Mama Vumbi hakufikiri; aliyefikiri ni tumbo lililomzaa yule mtoto. Alipindua pipa la bisi zilizoungua asubuhi, akazitawanya safu kwa safu kama anayewalisha kuku. Alikimbilia chooni, akatoka na tishu na ndoo ya maji, akazilowesha na kuzifinyanga vidonge vidonge. Akamwaga soda iliyobaki. Akavua hata kiatu chake cha kushoto, akakisukuma chini ya kiti.

Tajiri Mdogo aliingia, akasimama, akapiga mbinja.

"Sakafu inasemaje, mama?"

"Imesema, baba. Si unaona mwenyewe?"

"Wiki ya pili basi," akasema, na alikuwa na furaha ya kweli, maana naye mwaka ulikuwa umemchosha.

Wiki ya pili ndugu hawakurudi. Walikwishatimiza wajibu. Jumatatu waliingia watu wanne. Jumanne wawili, mmoja akikwepa mvua, na ilipokatika akatoka. Jumatano mchana alikuja mwenye picha mwenyewe, akakaa katikati ya ukumbi mtupu. Mkata tiketi, mtu wa kejeli siku zote, siku hiyo hakuwa nayo. Alimwambia Mama Vumbi polepole aweke fagio chini, hakuna cha kufagia, aende akakae na mwanawe.

Akaenda. Ndivyo ilivyotokea akaona picha yake ya kwanza tangu mwanzo.

Kulikuwa na mwanamke mwenye koti la kazi na fagio. Mwanamke alikuwa analia. Alilia akifagia, akalia akipika, akalia kwenye lango la shule mtoto akiingia, akalia mtoto akitoka. Alikaa dirishani analia mpaka nje mvua ikaona haya ikaacha. Kitufe cha pili cha koti lake hakikuwepo, na Mama Vumbi akajishika kifuani, hapo ambapo chake hakikuwepo.

"Yule ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

Alifikiria miaka aliyomlea mtoto huyu peke yake, chumba kimoja, na jinsi walivyokuwa wakicheka humo mpaka jirani agonge ukuta. Njaa ilikuwepo, ndiyo. Lakini hata njaa waliipa jina la mjomba mmoja mwenye mdomo mrefu, na ilipobisha hodi walimwambia mjomba leo hatupo. Vyote hivyo mtoto alikuwa amevitupa. Amemchukua mamake, amemkamua kama kitambaa cha deki, na kilichotoka ndicho alichokiweka pale juu.

"Ijumaa ile ya kwanza nilirudi kuchukua koti langu," mwanawe akasema, macho kwenye skrini. "Nilikuona na ndoo."

Mama Vumbi alihisi uso unamwungua.

"Mbona hukunizuia?"

"Nilitaka wiki ya pili."

Kule mbele mwanamke alikuwa anaanza kukohoa, na bado alikuwa na saa nzima ya kufa.

"Sasa niambie ukweli. Ni mbaya?"

Angeweza kumdanganya tena. Ndoo ilikuwa pale pale chooni. Lakini uongo nao huchosha mikono.

"Mbaya, mwanangu. Watu walilala. Mama yako mkubwa alilala mpaka akakoroma, nimeulizia. Miaka mitatu, na hukunipa hata kicheko kimoja."

"Nani atalipa kumwona mfagiaji anacheka?"

"Na huyu anayelia, nani amekuja?"

Mwanawe aliinuka, akapanda kwa mtu wa mitambo, na mwanamke akakatika katikati ya kikohozi. Kisha akaenda kwa Tajiri Mdogo na kumwambia yote: picha itoke leo, na ile sakafu ya Ijumaa ilikuwa ya kutengeneza. Labda aliona ndiyo heshima. Hakumwuliza mama.

Tajiri Mdogo hakumfukuza Mama Vumbi. Ijumaa iliyofuata alipita mlangoni, akamwambia shikamoo kama kawaida, akaenda moja kwa moja kwa mkata tiketi kuuliza wameingia wangapi. Vivyo hivyo Ijumaa zote zilizobaki. Picha ya mwisho ya mwaka ilikuwa nzuri, pengine ndiyo pekee. Sakafu ilijaa tishu za kweli, zenye machozi ya kweli, na Mama Vumbi alisimama nazo mkononi hakuna wa kumwuliza. Tiketi zilikuwa chache, ikaondolewa baada ya siku nne.

Mwezi wa kumi na mbili jirani aliozesha binti, na Mama Vumbi akaalikwa. Mpiga video alikuwa mwanawe. Walisalimiana vizuri, kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa mbele, mwanamke mnene mwenye furaha, anacheka mpaka mabega yanaruka. Mwana wa Mama Vumbi akamsogelea na kamera.

"Mama, tulia kwanza. Lia kidogo, nakuchukua."

Mwanamke alishangaa. Kisha akaacha kucheka, akatafuta kitambaa chake, akalia.