Msitu Ulipokuwa Wetu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu, Mzungu, alinipa panga na filimbi, akanitembeza kutwa nzima juu ya Mhezi, milimani kwetu, kunionyesha bikoni, zile nguzo za saruji za mpaka wa hifadhi. "Ndani ya bikoni haingii mtu," alisema. Nikaitikia, "Ndiyo, Bwana." Mnadhani tulikuwa mashujaa? Tulikuwa tunatafuta ugali.

Mlinzi wa msitu alifyeka mpaka, bikoni hadi bikoni, na kukamata waliovuka. Sasa, ndani ya mpaka huo ulikuwamo mpungi wetu, mahali pa kutambikia wazee. Kila mwaka kabla ya vuli, Mjomba Senkondo, kaka wa mama yangu na ndiye aliyenilea, alipita kimyakimya na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa. Mimi najifanya nakagua bikoni za upande wa pili. Sheria ya Mzungu, ya nini kuitolea jasho? Mjomba alikuwa akicheka: "Ngoja Uhuru, mpwa wangu. Tutaingia mchana kweupe."

Uhuru ukaja, tukacheza ngoma pale Same hadi miguu ikavimba. Bwana Misitu mpya alikuwa Mwafrika. Siasa ya Ujamaa ilipotangazwa, akatukusanya: "Ndugu zangu, msitu sasa ni wetu sote. Anayeuharibu anamwibia mwenzake." Nilimwamini, Mungu wangu! Nilimwamini kuliko mchungaji.

Vuli ile Mjomba akaja mchana kweupe. Nilimkuta amewasha moto wa tambiko.

"Shikamoo, Mjomba. Zima moto, twende ofisini."

"Marahaba. Ofisini kwa nani? Mzungu si ameondoka?"

"Ndiyo sababu. Sasa msitu ni wetu."

Akanitazama weee. "Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Haya, nimalize."

Alifungwa miezi sita. Mimi nikapandishwa cheo. Mwaka huohuo malori yenye vibali yakaanza kushusha magogo ya mkulo, mti wa mbao za thamani, nami mwenyewe nikayagonga nyundo ya alama, ile inayoacha chapa ya serikali kwenye gogo. Yalikwenda kwa nani? Sikuuliza. Mjomba alipotoka nilikwenda mara tatu kumwomba radhi. Mkewe alinikaribisha ndani, Mjomba akatoka kwa mlango wa uani, akaenda zake.

Vijana mnaniuliza maana ya uhuru, nami sina hotuba. Chini ya Mzungu nililijua lililo baya, nikalikwepa. Nilipokuwa huru nililitenda kwa moyo wote, tena kwa kujisifu. Inaniuma, na msiniambie ilikuwa kazi.

Mwaka niliostaafu, Mjomba alifariki. Katika ukoo wetu wapwa ndio wachimba kaburi. Nikakunja suruali, nikashika jembe. Mkewe akaja, akanishika mkono taratibu.

"Acha jembe, baba. Marehemu alisema, Bwana Misitu akija apewe kiti."

Wakaniletea kiti. Nikakaa, wapwa wenzangu wakachimba.