Zamu ya Mama Katika Wimbo

Mwaka huo tulikula posho yenye wadudu na maziwa yaliyotolewa krimu, tena baada ya nguruwe wa mzungu kushiba. Leo mjukuu wangu ameanika maua ya pareto nje ya dirisha, na hiyo harufu imenirudisha kule kambini, kwa vibarua wa shamba la mzungu huyo.

Ndui iliingia. Wagonjwa walifungiwa ndani ya ghala la pareto, mama yangu akiwa mmoja wao. Wanawake hawangeweza tena kukaa pamoja jioni, kwa hivyo kila mmoja aliimba akiwa mlangoni kwake, mstari mmoja mmoja, nyumba hadi nyumba. Mstari wa ghalani ulikuwa wa mama. Kila siku alitunga mpya wa kumchokoza nyapara, ati tumbo lake hufika shambani kabla yake, na kambi yote ilicheka.

Nyapara alimwambia anyamaze, anajimaliza.

"Sinyamazi, mzee. Mtoto wangu ananisikiliza."

Jioni moja wimbo ulifika ghalani ukakwama. Hakuna mwanamke aliyekubali kuruka zamu yake. Wote walingoja. Shosho, nyanya yangu, alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Sikulia, mimi si wa kulia.

Nikamsikia nyapara kwenye mlango wa ghala, akiongea pole pole.

"Mama, leo pumzika. Wacha hao wengine waimbe."

Halafu ikatoka ndani ya ghala sauti iliyokauka, karibu nisiijue.

"Sinyamazi, mzee. Mtoto wangu ananisikiliza."